Mradi wa Daftari la Bei: Vocha, Pointi na Ofa za Supamaketi

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mradi unaanza leo, Njaanuari ikiwa ndiyo kwanza inabisha hodi. Lengo ni kupunguza pesa tunazoacha supamaketi bila kupunguza kinacholiwa mezani. Tuko watu watano, Kasarani, Nairobi, na mtoto wa mwisho bado analala na nepi. Nimekusanya risiti za Septemba hadi Novemba (za Desemba nimeziweka kando, Desemba haina adabu) na wastani umekuja Sh18,500 kwa mwezi. Hizo ni za supamaketi tu: unga, mchele, sukari, mafuta, maziwa, mkate, sabuni, tishu, nepi, pamoja na vile vidude ambavyo hujikuta kwenye toroli bila mtu kukiri kuviweka.

Mama mboga na bucha hawamo kwenye hesabu hii na siwagusi. Mama mboga hana ofa ya nunua mbili upate moja, lakini huniongezea dania juu ya sukuma, na tarehe zikiwa mbaya hunikopesha hadi mshahara uingie. Sijaona kadi ya pointi inayokopesha.

Nataka kufika Sh15,000 kabla ya nusu ya mwaka. Kuponi za kukata gazetini, zile Wamarekani wanazopanga kwenye mafaili, huku ni nadra. Tulicho nacho ni ofa za rafuni, vocha, kadi za pointi, na maduka ya jumla kwa anayejua kuyatumia. Baba watoto amesoma ukurasa huu akauliza kama nimeajiriwa na supamaketi au na serikali.

Jumatano, 15 Januari

Vocha zimenipata kabla sijazitafuta.

Ofisini kwetu mwisho wa mwaka hatupewi bonasi ya pesa, tunapewa vocha za supamaketi. Waajiri wengi hufanya hivyo kwa sababu ya kodi. Marupurupu yasiyo pesa taslimu hayakatwi kodi mpaka yafikie kiwango fulani kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuwa Sh36,000, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 kimepandishwa hadi Sh60,000. Matokeo yake, kila Januari ofisi hujaa watu wenye karatasi za kununulia mchele na wasio na pesa za karo. Shule zilifunguliwa wiki iliyopita. Mwenzangu mmoja mwanawe ameingia Gredi ya 9, darasa ambalo mwaka jana halikuwapo popote nchini, na orodha ya vitu alivyoambiwa alete inatisha.

"Dada, nitolee hii ya elfu tano," akaniambia. "Hata ukinipa elfu nne nitachukua."

Nimempa Sh4,400. Elfu nne ningeipata, ila siwezi kumbana hivyo mtu ninayekunywa naye chai kila saa nne. Sh600 kwa Sh5,000 ni asilimia 12, na sijaona rafu yoyote inayotoa asilimia 12 kwa kila kitu kilichomo dukani, kuanzia chumvi hadi nepi. Habari ikaenea. Kufikia jioni nilikuwa na vocha za thamani ya Sh15,000 ambazo zimenigharimu Sh13,200.

Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, niliambatana na kila muuzaji hadi tawi la supamaketi lililo karibu na ofisi, tukaenda kwenye kaunta ya huduma kwa wateja. Dada wa pale aliingiza namba ya vocha kwenye mashine, akatuambia iko hai, ina kiasi gani na inaisha lini. Vocha ya karatasi hupigwa nakala kwa urahisi, na namba ikishatumika mara moja ile nyingine ni takataka, kwa hiyo hata kama mtu ni rafiki yako wa chanda na pete, nendeni mkaangalie. Nyuma yake kuna herufi ndogo ambazo lazima zisomwe: hakuna chenji, haibadilishwi kuwa pesa, haichukui kadi za simu wala pombe. Hilo la chenji ndilo linalowakata watu. Ukinunua vitu vya Sh4,730 kwa vocha ya elfu tano, Sh270 umewaachia. Mimi hupita kidogo juu ya kiwango na kumalizia kwa pesa. Kadi za zawadi za plastiki ni nafuu kwa upande huo, kwa sababu salio hubaki humo na unaweza kulitumia hadi shilingi ya mwisho.

Sheria niliyojiwekea: nisishike vocha zinazozidi matumizi ya miezi miwili. Wakazi wa Nairobi hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Nakumatt ilikuwa ndiyo supamaketi, na tembo wa nembo yake alionekana kila mahali. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni, Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Duka likifika hapo, mwenye vocha anapanga foleni nyuma ya mabenki, pamoja na wasambazaji wanaodai mamilioni. Ukishalipia vocha, umelikopesha duka pesa zako bila riba mpaka siku utakapozila.

Jumapili, 26 Januari

Daftari la bei limepata umbo. Nimechukua kitabu cha shule cha mraba kilichobaki nusu, kila bidhaa ina ukurasa wake, na kila ukurasa una tarehe, duka, uzito, bei, na safu ya mwisho ambayo ndiyo kazi yote: bei kwa kilo, kwa lita, au kwa kipande. Bidhaa zenyewe si nyingi. Ukiandika vizuri vitu ishirini hivi vinavyorudi kila mwezi, umeshika sehemu kubwa ya risiti.

Na tayari ukurasa wa mafuta umeanza kusema. Wiki hii kuna lebo nyekundu kubwa: bei ya zamani Sh399, sasa Sh345 kwa lita. Risiti yangu ya Novemba, duka hilo hilo, mafuta hayo hayo: Sh340. Hiyo Sh399 sijui nani aliwahi kuilipa. Rafu ya chini yake kulikuwa na chupa nyingine ya Sh315, imesimama kwa urefu ule ule na bega pana, ukiitazama utadhani ni ndugu yake. Imeandikwa mililita 900. Igawanye, utapata Sh350 kwa lita. Kwa hiyo ile ya "nafuu" ndiyo ghali, na ile ya "ofa" imepanda shilingi tano tangu Novemba.

Tishu ni sarakasi kabisa. Pakiti ya roli 10 ni Sh330, ya roli 4 ni Sh112. Kila mtu hudhani pakiti kubwa ndiyo rahisi. Hapa kubwa ni Sh33 kwa roli na ndogo ni Sh28. Nilichuchumaa kusoma idadi ya karatasi kwa kila roli, zile herufi zilizofichwa kwenye mkunjo wa plastiki, na zote zilikuwa sawa. Mhudumu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mwisho wa mwezi ofa zinabadilika sura. Kuanzia tarehe 25 hivi hadi tarehe 5 mishahara iko mifukoni, na hapo ndipo unga, sukari, mkate na maziwa hushushwa. Hizo ndizo bei ambazo kila mama anazijua kwa moyo, na mtu akiona unga umeshuka huamini duka zima limeshuka. Unga wa kilo 2 leo ni Sh128, daftari langu linasema bei ya kawaida ni Sh152. Kikomo ni pakiti tatu kwa mteja. Akiba ni Sh72, na nauli ya matatu kwenda na kurudi ni Sh100. Ofa hii inanifaa nikiwa natoka kazini na ninapita mlangoni. Kutoka nyumbani kuifuata ni kuilipa.

Jumamosi, 8 Februari

Nunua mbili upate moja, sabuni ya unga ya kilo 1. Bei ya moja Sh375, ambayo ni juu ya bei yangu ya daftari (Sh320). Nilitaka kugeuka niondoke. Lakini mbili ni Sh750, na unatoka na kilo 3, yaani Sh250 kwa kilo. Hii ni ofa ya kweli hata baada ya kupandisha bei kwa ujanja. Nimechukua sita, na nimelipa kwa vocha iliyonigharimu asilimia 88 ya thamani yake, kwa hiyo kilo moja imeniingia kwa Sh220. Keshia akapitisha kadi yangu ya pointi juu ya hayo yote.

Kupandanisha namna hii ndiko kunakolipa: ofa iliyopimwa kwa daftari, ikalipiwa na vocha iliyonunuliwa kwa punguzo, pointi zikaokotwa njiani. Ofa peke yake hunipa kidogo. Vocha peke yake hunipa asilimia 12 na hapo imesimama.

Sabuni haiozi, ndiyo maana nimejaza. Duka hilo hilo lilikuwa na maziwa ya mtindi nunua mbili upate moja, tarehe ya kuisha ikiwa Jumanne. Nimeyaacha. Watoto wangekula, lakini wangekula kwa sababu yapo, na mwezi uliopita hatukuwa tunanunua mtindi.

Ijumaa, 28 Februari

Hesabu za miezi miwili. Januari tulitumia Sh16,900, Februari Sh15,700. Nimehesabu vocha kwa bei niliyolipa.

Sasa pointi, kwa sababu jirani yangu wa mlango wa pili anaapa kwa pointi. Kadi yangu inatoa pointi moja kwa kila Sh100, na pointi moja ni shilingi moja. Asilimia moja. Nimepata Sh240 na ushei kwa miezi miwili, kwa sababu si kila kitu nilinunua duka hilo moja. Sizikatai; Sh240 ni mikate mitatu. Ila nimemwona jirani akipita maduka mawili yenye sukari rahisi kwenda kununua sukari ghali pale penye kadi yake, "nisipoteze pointi". Tofauti ilikuwa Sh18 kwa pakiti ya kilo 2. Kwa kununua pakiti ile alipata pointi tatu.

Duka linachopata ni kikubwa zaidi. Namba yangu ya simu iko pale, na kila pakiti ya nepi imeandikwa chini yake. Nilipohama saizi ya nepi, ujumbe wa ofa za saizi mpya ulikuja kabla ya kumaliza pakiti ya kwanza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kuwaambia waache kukutumia. Mimi bado sijawaambia, ofa zao za nepi ni nzuri. Lakini ninajua ninachouza.

Jumamosi, 15 Machi

Lebo ya rafuni inasema mchele wa kilo 5 ni Sh899. Mashine ya keshia ikasema Sh1,045. Duka silitaji.

"Mum, hiyo ofa iliisha jana," keshia akaniambia kwa upole.

"Basi mbona karatasi bado iko rafuni?"

Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Nilikuwa nimepiga picha ya lebo, si kwa werevu wa leo tu. Siku hizi ninapiga picha kila lebo ya ofa ninayochukua, kisha naifuta nikifika nyumbani. Akaitwa msimamizi, kijana mwenye tai na redio mkononi. Akaitazama picha, akaenda mwenyewe hadi rafuni, akarudi na lebo mfukoni mwake. Nikalipa Sh899. Aliyekuwa nyuma yangu, mzee mmoja mwenye mfuko huo huo wa mchele, naye akadai bei hiyo hiyo na akapewa.

Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza muuzaji kumpotosha mnunuzi kuhusu bei, na hilo ni vizuri kulijua, ila sikulitaja. Kwenye foleni picha inafanya kazi haraka kuliko sheria. Wengi hawaoni tofauti hizi kwa sababu risiti hukunjwa na kutupwa kwenye kikapu kile cha mlangoni baada ya mlinzi kuitia alama. Soma kabla hujatoka kaunta, na anza na vitu vilivyokuwa kwenye ofa. Hivyo ndivyo hukosewa, kwa sababu bei yake imebadilishwa juzi.

Jumamosi, 29 Machi

Mama mkwe yuko nasi tangu katikati ya mwezi na bajeti inalijua hilo. Machi itafunga juu kidogo. Lakini amenipa somo la unga.

Alipoona nikiandika bei ya unga alicheka. "Mwanangu, mahindi yako sokoni na kinu kipo. Hiyo karatasi yenye picha ndiyo unayolipia." Tukaenda pamoja. Gorogoro ya mahindi ni Sh115, kusaga ni Sh20. Jumla Sh135 kwa karibu kilo 2, dhidi ya Sh152 ya pakiti. Nilitegemea tofauti kubwa zaidi, kwa kweli, na pakiti ya ofa ya Sh128 inaishinda. Isitoshe, unga wa pakiti unatakiwa kisheria tangu 2012 kuongezwa vitamini na madini, na wa kinuni hauongezwi. Kwa ladha, mama mkwe ameshinda bila kupigiwa kura: ugali wa kinuni ni mzito, una harufu ya mahindi, na anayekula hashiki tena kipande cha tatu. Sasa tunachanganya. Uji wa asubuhi ni wa kinuni, ugali wa jioni ni wa pakiti.

Jambo kubwa la mwezi huu ni bela. Bela la unga lina pakiti 12 za kilo 2, na duka la jumla linatoa kwa Sh1,680, yaani Sh140 kwa pakiti, bila kikomo wala tarehe ya mwisho wa ofa. Tumekuwa nyumba tatu za ploti moja: tunanunua mabela mawili na kugawana pakiti nane nane. Sukari tumefanya hivyo hivyo. Maharagwe na ndengu tumepata Nyamakima, katikati ya jiji, ambako nafaka zimerundikwa magunia hadi njiani na unaruhusiwa kuingiza mkono, kuokota, kung'ata, na kukataa. Hapo hakuna lebo nyekundu. Bei ya kwanza ni ya salamu tu, na ukichukua kilo kumi wanaanza kukuita mteja. Kwa maharagwe, hakuna ofa ya supamaketi iliyokaribia kile tulichopata, hata baada ya kuhesabu nauli kwa nyumba tatu.

Nyumba tatu zinatosha. Jirani wa nne ameomba kuingia na tumemwambia asubiri, kwa sababu kinachoua vyama vya kununua pamoja ni mtu mmoja ambaye pesa zake huwa "ziko njiani".

Jumamosi, 12 Aprili

Watoto wamefunga shule na wako jikoni. Sina zaidi ya hapo kuhusu wiki hii, isipokuwa jambo la programu za kuagiza.

Nimejaribu namba ya ofa ya kuletewa vitu nyumbani: punguzo la Sh500 kwa oda ya kwanza ya zaidi ya Sh2,000. Programu ya kuagiza chakula ya Jumia Food ilipofunga shughuli zake Desemba 2023 wengi walisema ofa hizi zingekauka, lakini programu nyingine bado zinatoa kwa anayejiunga mara ya kwanza. Kabla ya kubonyeza nililinganisha kikapu chote na daftari. Bei za ndani ya programu zilikuwa juu ya zile za rafuni kwa karibu kila kitu, kisha kukawa na ada ya kuleta na ada ya huduma. Sh500 ikabaki Sh90 hivi. Nimeitumia, kwa sababu Sh90 pamoja na kutobeba mafuta ya lita 5 ngazi nne ni biashara nzuri. Oda ya pili haina punguzo, na haitakuwapo.

Vocha nyingine zimekuja, safari hii za Pasaka, thamani ya Sh10,000 kwa Sh9,000. Wauzaji wamejua soko. Asilimia 10 bado inakubalika.

Jumamosi, 3 Mei

Kuna mtu ameniuliza kanisani: supamaketi hupata wapi pesa za kutupa bure sabuni ya tatu? Swali zuri, na jibu linasaidia kutabiri ofa.

Mara nyingi si pesa zao. Mtengenezaji wa sabuni ndiye hubeba punguzo, kwa sababu anataka rafu ya usawa wa macho, anataka kumaliza mzigo, au mshindani wake ameleta bidhaa mpya. Pengine hubebeshwa. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitangaza faini ya zaidi ya Sh1.1 bilioni dhidi ya Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai inayoendesha Carrefour nchini, kwa jinsi ilivyotumia nguvu ya mnunuzi mkubwa dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta na sabuni. Mambo yaliyolalamikiwa ni pamoja na marejesho ya pesa ambayo msambazaji alitakiwa kutoa na ada za kuingiza bidhaa dukani. Niliposoma hayo nilianza kuitazama ofa kwa jicho jingine. Bei nzuri kwangu, kwa mwenye kiwanda kidogo cha asali inaweza kuwa ni faida yote ya mwezi.

Kwa upande wa daftari, hii ina matumizi. Ofa za mtengenezaji huzunguka: ikitoka duka moja, wiki chache baadaye iko duka jingine, kwa sababu bajeti ni ya yule yule. Nimeiona kwenye dawa ya meno na kwenye nepi. Nikikosa ya kwanza sikimbii. Bei za chambo, unga na sukari, hizo duka huzibeba lenyewe kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana zina kikomo cha pakiti tatu.

Kitu kingine cha mwezi huu: mkate wa tanuri la humo humo supamaketi hushushwa bei jioni, saa mbili kasoro hivi, katika tawi ninalopitia. Mkate wa Sh70 huwa Sh45. Nikinunua miwili, mmoja unakatwa na kuingia friza siku hiyo hiyo. Keshia wa jioni sasa ananisalimia kwa kunionyesha rafu iliko.

Jumamosi, 31 Mei

Hesabu. Machi Sh16,400 (mama mkwe, na sijutii). Aprili Sh17,850 (likizo na Pasaka). Mei Sh15,200. Dhidi ya wastani wa zamani wa Sh18,500, miezi mitano imeacha nyumbani Sh10,450. Sh15,000 bado sijaigusa, nimeikaribia tu.

Nimekaa na risiti kuona hizo Sh10,450 zimetoka wapi. Vocha: Sh2,800, hesabu isiyo na utata. Pointi: Sh610 kwa miezi yote, pamoja na kelele zake. Kiasi kama Sh4,500 kimetokana na ofa zilizopita mtihani wa daftari na ununuzi wa jumla, na ndani yake bela la unga na sukari lina sehemu kubwa kuliko lebo zote nyekundu. Zilizobaki, karibu Sh2,500, hazikutokana na bei yoyote. Tuliacha kununua juisi za boksi, biskuti za "nunua tatu" na yale maji ya matunda yenye picha ya embe. Daftari halina ukurasa wa vitu hivyo, na nikawa naona uvivu kuvifungulia.

Baba watoto anasema hiyo robo isihesabiwe kama akiba, kwa sababu ni kunyimwa. Watoto wanamuunga mkono. Nimeiacha kwenye jumla lakini nimeiandika kwa penseli.

Jumamosi, 14 Juni

Mabadiliko ya nusu ya pili ya mwaka. Kadi ya pili ya pointi nimeirudisha droo. Ilikuwa inanivuta kwenye duka lililo mbali kwa ajili ya shilingi arobaini. Picha za lebo zinaendelea. Kwa vocha, nimewaambia wenzangu ofisini mapema kwamba Desemba nitanunua za hadi Sh20,000, kwa asilimia 10, na malipo ni siku hiyo hiyo. Anayehitaji pesa ya haraka Januari ajue mlango uko wapi. Zaidi ya hapo sichukui, hata zikishuka bei. Vocha moja iliyobaki, ya Sh2,500, inaisha tarehe 31 Julai, na imepangiwa nepi, kwa sababu kwa hesabu yangu ya mzunguko ofa ya nepi inatakiwa kurudi kabla ya hapo.

Bela la Julai linanunuliwa wiki ijayo, na safari hii ni mabela matatu kwa sababu jirani wa nne amelipa kabla ya kuombwa. Ameomba pia picha ya kurasa za mafuta na sukari. Nimemtumia kwa WhatsApp, naye akanijibu na bei ya mayai ya shemeji yake anayefuga Ruai: trei Sh370 ukichukua tatu, dhidi ya Sh430 ninayolipa hapa. Nimefungua ukurasa wa mayai.